Usimpe mwajiri orodha ya majina

Dada, hiyo barua usiipeleke. Umesema umekusanya sahihi za wenzako 40 kutoka laini mbili za kushona, yaani safu mbili za cherehani kiwandani kwenu, Jumatatu unaziambatanisha na barua ya kudai mwajiri akitambue chama cha wafanyakazi, na unaomba tukusaidie lugha ya barua, tukueleze maisha ya mratibu wa chama yakoje, na jinsi ya kuwafikia wanunuzi wa nje wa nguo mnazoshona. Lugha ya barua haina shida. Shida ni hayo majina 40.

Sisi tulipeleka. Alikuja mtu kutoka makao makuu ya chama, mwenye cheo chake, akatuambia tukabidhi orodha mapema ili mwajiri aone nguvu yetu na akubali mazungumzo. Akasisitiza kwamba sheria inatulinda. Mtu huyo hajawahi kukaa kwenye cherehani hata siku moja, na alipomaliza kushauri aliondoka zake, matokeo akatuachia sisi. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Sheria ipo kweli: Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mfanyakazi alindwe asifukuzwe wala kuonewa kwa sababu ya chama. Ila mwajiri mjanja hamfukuzi mtu kwa sababu ya chama. Anatafuta sababu nyingine, na orodha ndiyo inayomwonyesha pa kuanzia.

Yetu ilikuwa na safu tatu: jina, idara, namba ya mshahara. Haikupita muda nikaona nakala yake kwenye kibao cha supavaiza, imebanwa chini ya karatasi ya tageti, yaani idadi ya kazi ya kufikisha, majina mengine yamepigwa alama ya kalamu nyekundu. Mama mmoja aliyekuwa anashona kola, mkono wake mwepesi kuliko wa yeyote pale, akahamishiwa kwenye mashine mbovu ya ovaloki iliyokuwa inakata uzi kila mara. Tageti ya saa ikabaki ileile. Akashindwa kuifikia, akapewa onyo la maandishi, likafuata jingine, mwisho akaondolewa, na faili lake linasema uzalishaji wake ulishuka. Nenda kathibitishe mahakamani kwamba ilikuwa ni chama! Wenye mikataba ya muda mfupi hawakuonywa hata kidogo. Mkataba ulikwisha, haukuongezwa, basi. Wengine walinyimwa ovataimu, na wewe unajua kwamba bila ovataimu mshonaji halipi kodi ya nyumba. Wenzetu wakaanza kuja usiku kuomba majina yao yafutwe. Siwalaumu, walikuwa na watoto wa kulisha. Idara ya kukata na ya pasi, ambako hatukuwa na mtu hata mmoja, wakaona kwamba chama ni njia ya kupoteza kazi, na sisi hatukuwa na la kuwajibu.

Mengine yote sahau, hili lishike: jina lolote lisimfikie mwajiri mpaka uwe na kamati yenye mtu katika kila laini na kila idara, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote wawe wameshasaini.

Anza kwa kukichora kiwanda kwenye karatasi. Kila laini, kila mashine, nani anakaa wapi, nani aliletwa kazini na nani, nani ni ndugu wa supavaiza. Kisha mtafute yule ambaye wenzake humkimbilia salari slipu inapokuja na upungufu. Mara nyingi siye yule mwenye maneno mengi. Mwenye maneno huleta sahihi haraka, lakini mambo yakiwa magumu watu hawamtazami yeye. Fundi mashine naye mwangalie vizuri: anapita laini zote bila kuulizwa, kwa hiyo akiwa wenu habari zinafika kote kabla ya jioni, na akiwa wa ofisini zinafika ofisini kabla ya jioni. Majina yasiingie kwenye kundi la simu. Kutana na watu wawili watatu, nyumbani kwao, na usikilize zaidi ya unavyosema. Fomu zilizosainiwa zikae kwa mtu ambaye haajiriwi na kiwanda hicho. Siku ya kudai utambuzi, mwajiri apewe idadi, na uhakiki ufanywe na afisa kazi au kwa kura ya siri, kwa namna sheria ya kwenu inavyoruhusu.

Utaambiwa kwamba mwajiri akiwajua viongozi ndipo wanalindwa, maana hawezi tena kudai kwamba hakujua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inawafaa wanakamati waliokubali wenyewe kujitangaza, wote kwa siku moja, kutoka idara zote. Hao 40 wako uliwaeleza kwamba karatasi yao inakwenda kwa meneja?

Wala sikufundishi woga. Tarehe 23 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Bangladesh lilionekana lina nyufa. Benki iliyokuwa mle ndani iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji wa viwanda vya ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake, wapo waliotishiwa kunyimwa mshahara, na asubuhi hiyo jengo likaanguka. Walikufa zaidi ya watu 1,100. Kusimama peke yako mlangoni ukisema siingii, huku mshahara wa mwezi mzima uko mikononi mwa anayekuamuru, ni kazi ngumu mno. Laini zote zikikataa kwa pamoja, supavaiza hana wa kumtisha. Umeuliza maisha ya mratibu: jioni zote baada ya zamu unakwenda nyumba hadi nyumba, mpaka kiwanda kifike mahali pa kuweza kukataa hivyo.

Wanunuzi wa nje waache kwanza. Malalamiko ukiwapelekea, wengi huanza kwa kumuuliza mwenye kiwanda, na atakachotaka kujua yeye ni nani kalalamika.

Jumatatu ingia kazini kama kawaida, na wakati wa mapumziko kaa na watu wa pasi. Umetaja washonaji tu. Kwenye pasi unamfahamu nani? Kwenye kukata na kufungasha je? Nijibu hayo kabla hujaandika kitu kingine chochote.