Vijana Hawataki Hotuba Yako, Wanataka Uende Nao kwa Chifu

Kuna msomaji ameniandikia. Anasomea diploma ya kazi ya jamii hapa Nairobi, na mwezi ujao anaanza atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, katika kituo cha vijana huku Eastlands. Ameandika hivi: "Dada, nina moyo wa kusaidia vijana lakini naogopa hawatanipenda. Siku ya kwanza niwaambie nini?"

Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likarefuka, nikaona heri niliweke hapa kwa maana najua hayuko peke yake. Sisi tunaosomea kazi hii tunafanana. Kila mmoja wetu anaota siku ambapo kijana fulani atasimama mbele ya watu aseme, "Bila huyu dada nisingefika hapa." Usikatae. Mimi hata nguo ya kuvaa siku hiyo nilishaichagua.

Tuanze na hilo la moyo. Mimi sikuingia kozi hii kwa moyo. Nilitaka sheria. Matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, yakaja na C kavu, na kwa C chuo kikuu hakikuiti kusomea shahada yoyote, sembuse sheria. Nililia wiki nzima. Mama yangu anauza mboga Kayole na hana muda wa matanga ya namna hiyo. Akaniambia, "Chagua diploma, tutafute karo, maisha yaendelee." Nikachagua kazi ya jamii kwa sababu rafiki yangu alikuwa ameichagua. Kwa hivyo wewe mwenye moyo umenitangulia, hongera. Ila moyo peke yake haujawahi kumpatia mtu kitambulisho, na nitakueleza kwa nini nataja kitambulisho.

Atachimenti yangu ilianza Mei 2024, Mathare. Mnaokumbuka mwaka ule mnakumbuka mvua yake. Aprili Mto Mathare ulivunja kingo, nyumba zikasombwa, watu wakafa. Kisha serikali ikaamuru waliojenga kando ya mito wahame, na matingatinga yakaja kumalizia kilichoachwa na maji. Kikundi nilichopangiwa kilikuwa na kibarua cha kuosha magari na pikipiki karibu na mto. Pampu yao ilikwenda na maji, tangi likakutwa limepasuka. Nilipofika, vijana walikuwa wameketi kwenye mawe wakinyoosha mabati yaliyojikunja, kila mmoja na nyundo au kipande cha chuma, kelele huwezi kusikia jina lako.

Mimi nikaja na chati. Nilikuwa nimeichora usiku kwa kalamu za rangi, kichwa chake "Tambua Ndoto Yako". Msimamizi wangu akawaita, wakaja polepole, nikaibandika ukutani. Sijafika popote, kijana mmoja nyuma akauliza, "Sista, hii ni ya kusaini ama ni ya kuongea tu?"

Wakacheka wote. Asiyejua mtaa huo hataelewa. Mikutano huko ni ya aina mbili. Kuna ile unayoandika jina, unatia sahihi, unapewa soda, mkate na nauli, halafu karatasi inakwenda kwa wafadhili. Na kuna ile ya maneno matupu. Mkono mtupu haulambwi, na mtu aliyepoteza nyumba kwa mafuriko ana haki ya kuuliza mapema yuko kwenye mkutano upi. Wale vijana wameshasaini karatasi za miradi mingi kuliko nitakayoifanyia kazi maisha yangu yote. Wamepigwa picha wakitabasamu, wamepewa fulana. Sikuwa na la kuwajibu. Nikakunja chati yangu, nikaenda kushika upande mmoja wa bati ili mwenzangu agonge.

Kwa hivyo, mdogo wangu, jibu la swali lako ni hili: siku ya kwanza usiwaambie kitu. Tafuta kazi wanayoifanya, uishike upande mmoja. Ukiwa unazungumza, wanakupima. Ukiwa unafanya kazi nao, wanakusahau, na hapo ndipo wanaanza kusema mambo yao.

Ndivyo nilivyomjua kijana wa mkokoteni. Simtaji jina. Alikuwa na miaka 22, anauza maji kwa mitungi, anasukuma mkokoteni kuanzia alfajiri. Sasa, darasani nilikuwa nimekariri kwamba Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinamhesabu kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafika 35, na kwamba Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ihakikishe vijana wanapata elimu, mafunzo, kazi na nafasi ya kushiriki katika siasa na uchumi. Mtihani huo nilipasua. Yule kijana alikuwa kijana kamili kwa kila herufi ya Katiba, na hakuwa na kitambulisho. Laini yake ya simu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la jirani, kwa hivyo M-Pesa yake ilikuwa kwa hisani ya jirani, na jirani alikuwa na mazoea ya kujikatia. Kura hakuwa amepiga hata mara moja. Kukiwa na msako usiku, wenzake wanatoa kitambulisho wanaachwa waende, yeye anapandishwa karandinga. Kila kitu tulichopanga kumfundisha kwenye mradi ule, kuweka akiba, kuanzisha biashara, kuomba mkopo wa vijana, kilikuwa kinaanza na mstari mmoja: namba ya kitambulisho.

Nikamuuliza kwa nini hajakichukua. Akasema alijaribu akarudishwa. Mama alifariki, baba hamjui, na fomu inauliza wazazi.

Nikamwambia twende. Sikuwa najua lolote kuhusu ofisi hizo, zaidi ya foleni ya kitambulisho changu mwenyewe ambayo mama aliisimamia. Tulianza kwa chifu msaidizi, ambaye alitaka mzee wa mtaa athibitishe kwamba anamjua. Mzee wa mtaa tukamkuta amelala kitini nje ya kioski, akafungua jicho moja, akamtazama kijana, akasema, "Huyu ni mtoto wa yule mama wa mandazi wa Mabatini." Kisha akaendelea kueleza mandazi yale yalivyokuwa, yaliyotiwa iliki, na jinsi mama huyo alivyokuwa akimkopesha. Kijana alikuwa hajawahi kusikia mtu mzima akimsimulia mama yake. Alisimama pale akikunja na kukunjua bahasha yake ya kaki mpaka ikaanza kuchanika pembeni.

Baada ya hapo ilikuwa ni kurudi, kurudi, kurudi. Nakala ya hiki, barua ya kile, mama mdogo wake aliye Machakos atume nakala ya kitambulisho chake, mtandao umeanguka, njooni Alhamisi. Haya siyasimulii, yanachosha hata kuyakumbuka. Nakwambia tu siku ya alama za vidole. Alikuja amevaa shati la kuazima, amefunga vifungo mpaka shingoni. Karani akaushika mkono wake, akajaribu, akajaribu tena, alama zikakataa kushika. Vidole vilikuwa vimelika kwa kamba na vyuma vya mkokoteni, laini kama sahani. Karani, ambaye mpaka hapo alikuwa mkali kwelikweli, akapunguza sauti: "Nenda uoshe kwa maji ya moto na sabuni, pumzisha mikono siku mbili, usisukume kitu, urudi." Siku mbili bila kusukuma mkokoteni ni siku mbili bila kula. Alipumzika. Akarudi. Zikashika.

Kitambulisho kilitoka nikiwa nimeshamaliza atachimenti. Juzi amenipigia kwa laini yake mwenyewe, na akimtumia mtu pesa, jina linaloonekana ni lake mwenyewe, si la jirani. Sitasema uongo, nilitembea katikati ya jiji kutoka Odeon mpaka Railways nikiwa nimeinua kichwa kana kwamba mji ni wangu.

Sasa niseme kinachoniuma. Katika ripoti yangu ya mwisho msimamizi wa kile kituo aliandika kwamba nina bidii, "ila anajihusisha kupita kiasi na kesi za mtu mmoja mmoja". Akanipa alama zilizonishusha. Malengo ya mradi yalikuwa idadi: vijana wangapi wamefikiwa, vikao vingapi vimefanywa. Nusu siku niliyokaa kwenye foleni na kijana mmoja ilikuwa nusu siku ambayo ningewakusanyia watu thelathini watie sahihi. Nilimweleza. Akaniambia nikiwa na mradi wangu nitafanya nipendavyo. Nakala ya ripoti ile ninayo mpaka leo ndani ya faili, na sijui naiwekea nini.

Kingine kilichomkera ni kile kikao cha Juni. Ratiba ilisema "Umuhimu wa Akiba". Lakini siku moja kabla ilikuwa tarehe 25, ile siku waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bunge na watu wakapigwa risasi barabarani. Baadhi ya vijana wangu walikuwa mjini. Mmoja alikuja macho bado mekundu kwa vitoa machozi, mwingine hakuja kabisa na hatukujua yuko wapi mpaka jioni. Unawezaje kumwambia mtu wa namna hiyo kuhusu akiba? Niliweka kalamu chini, tukakaa. Waliongea, walinyamaza, waligombana, mmoja alimtukana Rais, mwingine akamtukana aliyemtukana. Mimi nilichemsha chai. Karatasi ya mahudhurio ilirudi kituoni ikiwa nyeupe.

Ndugu zangu wanafunzi, hapa lazima tuambiane. Tunaingia mitaani na maneno matamu: kuwezesha, kuhamasisha, kujitambua. Kijana anatusikiliza kwa adabu, anachukua soda yake, anarudi kwenye mkokoteni. Kisha tunaandika kwamba vijana hawana motisha. Motisha ipi unayoitaka kwa mtu ambaye kila ofisi imemwambia rudi kesho? Hebu wewe nenda naye hiyo kesho. Ukae kwenye lile benchi. Uone unavyosemeshwa na karani anapodhani nawe huna kitambulisho. Ukitoka hapo, mambo mengi ya kwenye chati utayafuta mwenyewe.

Kuhusu mipaka, kwa kuwa msimamizi wangu alipenda neno hilo. Mipaka iko, tena naishika. Sikumpa kijana yeyote pesa, hata alipokuwa na njaa siku zile mbili. Nilimkaribisha kula githeri pamoja na kikundi chote. Sikukutana na mtu usiku. Sikutoa siri ya mmoja kwa mwingine. Na kabla hawajaanza kunifungulia moyo, niliwaambia wazi kuna siri ambayo siwezi kuiweka: mtu akiwa hatarini, hasa mtoto, nitasema kwa anayehusika.

Hili lishike sana, kwa sababu vikundi vya vijana vina watoto ndani yake. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022 kama ilivyo kwa Katiba, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata akiwa mrefu kukuzidi na anajitafutia chakula. Kuna msichana alinifuata jioni moja wakati naosha vikombe. Kisa ni chake, hakiingii hapa. Nitakachokuambia ni kwamba sikuwa na nafasi ya kuanza kuuliza ofisi ya watoto iko wapi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaijua. Mtu aliyebakwa au kudhulumiwa kingono anatakiwa afike hospitali haraka, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Usimhoji kama askari. Usimwoshe, usimpeleke kwanza kwa mchungaji, usiitishe kikao na familia ya aliyetenda. Hospitali, kisha dawati la jinsia polisi, lile linaloshughulikia kesi za ukatili wa kijinsia, na afisa wa watoto ajue. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hailipiwi na hupokelewa mchana na usiku.

Basi wiki hii kabla hujaanza, zunguka. Jua chifu msaidizi wa eneo ni nani na hufika ofisini saa ngapi kwa kweli, maana ile iliyoandikwa mlangoni ni pambo. Jua mzee wa mtaa hukaa kioski gani. Ingia kituo cha afya uulize ni nani hushughulikia vijana, umpate sura na simu yake. Kituo cha polisi kipi kina dawati la jinsia linalofanya kazi, na siyo lile lenye kibao tu. Andika yote kwenye daftari la karatasi, kwa sababu simu utaporwa.

Uliniuliza pia kama atachimenti inalipa. Hailipi. Wengine watakupa chakula cha mchana, wengine hata hicho hapana, na barua yako ya chuo haisemi lolote kuhusu nauli. Kutoka Kayole mimi nilikuwa napanda matatu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu baada ya hapo bei inapanda, na mvua ikinyesha inapanda maradufu. Weka pembeni nauli ya mwezi wa kwanza sasa hivi, na usimwambie mtu yeyote nyumbani kwamba unayo.