SageMath inagoma kukokotoa intigrali: usiifute kwanza

Mkuu, umesema SageMath (au Sage kwa kifupi), programu huria ya hesabu, inakataa kukokotoa intigrali yako, umeweka picha ya skrini mara mbili bila kupata jibu, na sasa unataka kuifuta uisakinishe upya. Naomba usubiri kidogo. Nimetumia programu huria za hesabu kwa miaka kadhaa, na kila nilipofuta na kusakinisha upya kwa sababu kama yako, kosa nililikuta palepale.

Nimeifungua picha yako. Imekatwa chini, na huko chini ndiko jibu liliko. Ile mistari mingi ya juu inaonyesha tu faili zilivyoitana mpaka kufika kwenye tatizo. Tatizo lenyewe hutajwa mwishoni kabisa.

Hili lilinigharimu siku nzima nilipokuwa nakokotoa intigrali ya x^n. Skrini ilijaa maandishi nikaamini programu imeharibika. Jioni ndipo nikasoma mstari wa mwisho: ilikuwa inaniuliza kama n ni sawa na -1. Na lilikuwa swali la haki kabisa! n ikiwa -1, jibu ni logariti asilia ya x. Ikiwa namba nyingine yoyote, jibu ni x^(n+1)/(n+1). Mimi nilishazoea kuandika hilo la pili bila kufikiri, programu ikakataa kunikisia. Nikaandika assume(n > 0), yaani ichukulie n ni kubwa kuliko sifuri, nikarudia amri ileile, jibu likatoka papo hapo. Ukishamaliza, andika forget(), maana dhana uliyoiweka haiondoki yenyewe. Itakufuata kwenye kila hesabu yenye n mpaka uizime.

Inasaidia pia kujua ndani kuna nini. Mwanahisabati William Stein alipoianzisha Sage mwaka 2005, hakutaka kuandika kila kitu upya. Aliunganisha programu huria zilizokuwepo. Intigrali za kawaida hupelekwa kwa Maxima, ambayo chimbuko lake ni Macsyma, programu ya chuo cha MIT cha Marekani, kazi ya miaka ya 1960 mwishoni. Ukiifungua Maxima peke yake, itakuuliza lile swali nawe utajibu, kwa mfano no, kisha itaendelea. Ndani ya Sage hakuna nafasi ya kujibu katikati ya kazi, ndiyo maana swali linakufikia likiwa na sura ya kosa. Unaweza pia kuipa kazi programu nyingine kwa kuongeza algorithm="sympy" ndani ya amri ya integrate. Ikipita huko, umeshajua tatizo liko upande gani.

Jambo jingine nimeliona kwenye kodi yako, yaani amri ulizoandika: umeihifadhi kama faili la .py. Huko ni lugha ya programu ya Python tupu, na alama ya ^ si kipeo. 2^3 inakupa 1, si 8. Vilevile 1/3 inageuka desimali badala ya kubaki sehemu ileile ya 1/3. Kwenye faili la .sage, maandishi yako hurekebishwa kwanza kabla ya kupelekwa kwa Python, kwa hiyo hayo hayakupati.

Sasa kuhusu kutojibiwa. Wanaojibu maswali haya wengi wao wanajitolea, wana madarasa na tafiti zao, na ni vigumu mtu kuichapa upya kodi ya mistari zaidi ya mia kutoka kwenye picha. Ipunguze. Ondoa mstari mmoja, endesha, angalia kama kosa bado lipo, ondoa mwingine. Ukifika mahali ambapo hakuna cha kuondoa tena, hapo ndipo penye swali lako. Mara nyingi mimi hupata jibu kabla sijamaliza kupunguza, na zile chache ambazo sikupata, nilijibiwa haraka kwa sababu mtu aliweza kunakili mistari mitano, akaibandika kwake na kuona kosa lilelile kwa macho yake. Weka maandishi, si picha, na ujumbe wa kosa wote mpaka mwisho. Taja na toleo: andika version() kwenye Sage, au build_info() kwenye Maxima. Halafu sema ulitegemea jibu gani na kwa nini.

Kwa sasa, kabla hujaandika tena, nenda mstari wa 62. Umeweka 1/(x^2 + a), na hakuna popote ulipoieleza a ni namba ya aina gani. Ikiwa chanya, jibu linakuja na arctan (kinyume cha tanjenti). Ikiwa hasi, linakuja na logariti. Jaribu assume(a > 0), kisha assume(a < 0) baada ya forget(), utuletee majibu yote mawili hapa.