Mizunguko ya transfoma imepungua nusu, mbona omu zimeshuka hadi robo?

SWALI: Nimesuka upya transfoma ya spika ya honi: laini ya volti 100, wati 10, spika ya omu 8. Waya mwembamba ukaniishia, nikakomea mizunguko 560 upande wa laini badala ya 1,120. Upande wa spika nimeacha 100. Nilitegemea omu 1,000 zishuke hadi 500 tu, lakini nikiwasha honi zote tano, amplifaya ya wati 60 inachemka na fyuzi inakatika. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu fundi, kosa ni hiyo 500. Impidansi, yaani ukinzani wa jumla dhidi ya mkondo wa AC unaopimwa kwa omu, hufuata kipeo cha pili cha uwiano wa mizunguko. Uwiano ukishuka nusu, volti za spika huwa maradufu, na mkondo wake pia. Mkondo huo ukihesabiwa upande wa laini unagawanywa kwa uwiano ambao nao ni nusu, basi unakuwa maradufu tena. Laini sasa inatoa mkondo mara nne.

Awali: 11.2 × 11.2 × 8, karibu omu 1,000. Sasa: 5.6 × 5.6 × 8, omu 250, yaani wati 40 kwa honi hiyo moja uliyoisuka. Ongeza wati 40 za zile nne nzima: 80. Tena honi hiyo inapata karibu volti 18 badala ya 9. Ichomoe leo, kabla koili yake haijaungua.

Usitafute omu 1,000 kwa mita. Itakuonyesha ukinzani wa waya tu. Toa spika, ingiza volti 10 za AC upande wa laini, pima upande wa spika. Sahihi ni 0.89, yako itasoma 1.79 hivi.

Kupunguza upande wa spika hadi 50 kutarudisha uwiano, ila sikushauri. Kwa kiini cha sentimita 4 za mraba, volti 100 za hezi 50 kwenye mizunguko 560 zinadai tesla 2 (kipimo cha nguvu ya sumaku ndani ya kiini), na bati la silikoni la kiini hushiba, yaani hushindwa kubeba sumaku zaidi, kabla ya hapo. Sauti nzito zitakwaruza na mkondo utapanda.

Ongeza mizunguko 560 iliyokosekana. Kwangua vanishi, unga kwa risasi, funika kiungo kwa karatasi ya koili, kisha zungusha kuelekea upande uleule. Ukigeuza mwelekeo, nusu mbili zitafutana na laini itaona karibu shoti. Kwa hiyo rudia kipimo cha volti 10 kwanza, ukiwa umeweka balbu ya volti 12 katika mfululizo: ikiwaka, umegeuza.