Barua kwa mwanangu: shangazi yako na tundu la sindano

Mwanangu,

Ujumbe wako niliupata juzi usiku, nikausoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unasema Alhamisi unarudi kwa daktari wa akili, na unauliza mambo mawili. La kwanza, umwambie kwamba zile fluoksetini, dawa za sonona, umeziacha tangu wiki iliyopita, au useme tu unaendelea vizuri? La pili, ni lazima ajue habari za shangazi yako? Nilianza kukujibu kwenye simu nikaona vidole havitaki, ndiyo maana naandika kwenye karatasi. Kijana wa jirani ataipiga picha akutumie.

La dawa nalimaliza upesi. Mwambie. Uliandikiwa, ukanywa siku kumi, kichefuchefu kikakushinda, ukaacha. Hujaiba kitu cha mtu. Ukimwambia unakunywa na huoni nafuu, yeye ataona dozi ni ndogo ataiongeza, na utakuwa umeongezewa kitu ambacho hukuwa ukinywa. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona tofauti, na kichefuchefu cha mwanzo mara nyingi hupungua, lakini hayo akueleze yeye mwenye kazi yake. Akikuuliza kama umewahi kutamani kufa, usishtuke ukadhani amekusoma usoni. Ni swali lao la kila siku. Mjibu ilivyo. Na mimi pia nijibu ilivyo ikifika huko, hata kama ni saa nane za usiku.

Sasa hilo la shangazi yako.

Wewe ulikuwa na miaka mitano, unakumbuka cherehani na pengine unakumbuka kelele. Ilikuwa mwanzoni mwa 1998, zile mvua za El Niño zilizobeba madaraja. Siku tisa hakulala. Alishona usiku kucha, cherehani ya miguu ikiunguruma kama treni ya mizigo inayopanda mlima, na kulipokucha akagawa nguo. Sare za watoto wa watu, suruali za watu, na lile gauni la harusi alilompa muuza mkaa. Akaniambia amepata zabuni ya kushonea jeshi zima, nikatafute malori. Bibi yako akasema ni mizimu, tukaenda Matombo kutambika na mbuzi. Hiyo ya mbuzi unaijua, kila tukikutana msibani inasimuliwa, siirudii.

Hospitali tulifika tumechelewa. Unajua watu walivyo: mtu akikosea kidogo tu huambiwa “huyo wa Mirembe”, kana kwamba hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa Dodoma tangu 1927 kazi yake ni kutusi watu. Nami niliogopa neno hilo kuliko nilivyouogopa ugonjwa. Pale tulipokwenda (si Mirembe, na jina la mahali halitusaidii) wakampa vidonge, kisha wakamweka kwenye sindano ya kila mwezi, Modecate. Akatulia.

Mungu anisamehe, nililipenda neno hilo. Ametulia. Nilimwambia kila aliyeuliza, nilimwambia hata padre. Mnanicheka mkinisikia nikisema kutulia si kupona, dada yako huwa ananimalizia sentensi, lakini hamjawahi kuniuliza nilijifunzia wapi.

Kliniki nilimpeleka mimi. Nilikuwa karani wa masijala, unanijua: nina daftari. Tukiingia, daktari hajakaa vizuri, mimi nimeshalifungua. Analala? Analala, daktari. Anakula? Anakula. Fujo? Hakuna, ametulia kabisa. Shangazi yako amekaa pembeni, mikono magotini, mate yanamtoka kidogo pembeni mwa mdomo, nami namfuta kwa leso huku naendelea kusoma. Dakika nne tumemaliza, tunakwenda kwenye dirisha la dawa. Tulikwenda hivyo miezi kama kumi na minne. Hakuna aliyemwuliza yeye kitu. Hata mimi, kwenye basi la kurudi, sikumwuliza. Nilimnunulia mahindi ya kuchoma.

Halafu siku moja daktari akawa mwingine, mama mmoja mfupi, aliyekuja kumshikia mwenzake. Nikasoma daftari langu lote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Baba, nimekusikia. Sasa naomba nimsikie yeye.” Nikamwambia siku hizi haongei sana. Akasema, “Tuna muda.” Uongo mtupu, foleni nje ilikuwa imefika kwenye mwarobaini.

Shangazi yako hakusema neno. Alipeleka mkono kwenye pindo la kanga, pale mafundi wanapochomeka sindano, akaitoa. Akachomoa uzi kwenye kanga ileile. Akaanza kutunga. Mkono ulikuwa unatetemeka kama wa mtu aliyetoka kubeba ndoo mtoni. Uzi ukapita kushoto kwa tundu. Akaulowesha kwa ulimi, akausokota, ukapita kulia. Akabadilisha mkono. Mimi, unajua, siwezi kutazama mtu akihangaika. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Daktari akanyanyua kiganja, hivi, bila kunitazama. Nikaurudisha mkono wangu. Mara ya saba au ya nane shangazi yako akaviweka vyote mezani, sindano na uzi, akasema:

“Huko ndiko kutulia kwangu.”

Fundi, mwanangu. Mtu aliyekuwa anatunga sindano gizani umeme ukikatika. Na mimi nilikuwa naona cherehani imefunikwa shuka zaidi ya mwaka, nikaandika kwenye daftari: amepunguza kazi, anapumzika.

Daktari akampa kalamu aandike jina lake. Herufi zilianza ndogo zikaishia kama siafu. Akatueleza kwamba ule mtetemo na ule ukakamavu wa mwili, na yale mate, si ugonjwa, ni dawa. Hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, na dawa yake ipo. Akapunguza sindano, akaongeza vidonge vya Artane, na baadaye akamhamishia taratibu kwenye kabamazepini, vidonge vya kuzuia akili isipande kupita kiasi. Kisha akamwuliza zile siku tisa zilikuwaje, yeye mwenyewe, kutoka ndani. Nilisikia mambo ambayo hayakuwa na mstari hata mmoja kwenye daftari langu.

Lakini ngoja, nisijibebeshe lisilo langu. Wewe hujalala nyumba moja na mtu wa siku tisa. Bila ile sindano ya kwanza sijui kama tungekuwa naye leo. Kutulia kulikuwa neema, mwanzoni. Kosa langu lilikuwa kuridhika nako. Hapana, hata hivyo si hivyo. Kosa langu lilikuwa daftari. Hapana, daftari ni zuri, wewe chukua daftari, andika usiku uliolala saa ngapi, umekula nini, dawa imekufanyaje. Ila liwe lako, kwa mkono wako. Na kama kuna kitu kimoja ambacho ulikuwa unakiweza na sasa huwezi, anza nacho, kabla ya “shikamoo” haijapoa. Daktari hawezi kujua kwamba wewe ni mtu wa kuimba kwaya. Ataona mtu mkimya, aandike mkimya.

Mama yako anataka uende na dada yako. Sawa, aende. Akae kwenye benchi. Akiitwa aingie, asimulie alichokiona, atoke. Yeye ni mimi mtupu, huyo.

Januari 2000 ulipoanza darasa la kwanza, ile sketi ya bluu alishona shangazi yako. Pindo lilikwenda upande, mwalimu wako akacheka. Mimi niliitazama ile sketi inavuka barabara nikashindwa kurudi ndani kunywa chai.

Umeona nimekimbia swali. Ulitaka kujua kama ni lazima kumwambia. Nitakupa sababu, uamuzi ni wako. Yule mama daktari aliniambia baadaye kwamba magonjwa ya namna ile hutembea katika koo, si kwa wote, lakini hutembea, na kwamba dawa za kumwinua aliyezama zinaweza, kwa mtu mwenye hali kama ya shangazi yako, kumrusha juu kupita kiasi. Daktari anayejua kuna mtu wa siku tisa kwenye ukoo atakuangalia kwa jicho jingine. Atakuuliza usingizi, atakuuliza kama kuna siku ulijiona una nguvu za ajabu. Hiyo haina maana una ugonjwa wake. Yako ilianza na mambo ya mwaka jana, ambayo siyataji kwenye karatasi inayopita mikononi mwa kijana wa jirani.

Kuhusu kurudia dawa au kutorudia, maoni ninayo. Niliyaandika hapa juu nikayakata, utaona wino. Usiikuze picha kuyasoma.

Ruhusa ya kusema habari za shangazi yako nilitaka kukupa mimi, nimeshaandika “mimi nakuruhusu”, nikakumbuka kile kiganja. Kwa hiyo jana jioni nikaenda Mji Mpya kumwuliza mwenyewe. Nilimkuta kibarazani, mjukuu anamtungia sindano. Sasa ni macho, si mikono. Nikamsomea ujumbe wako. Akakaa kidogo, akakata uzi kwa meno.

“Amwambie,” akasema. “Amwambie siku tisa, amwambie Matombo, amwambie na dawa ninayokunywa mpaka leo, jina liko kwenye kadi, ipige picha. Ila lile gauni la harusi aliache. Lile nilimpa muuza mkaa na akili zangu timamu. Yule bibi harusi alikuwa hajanilipa.”

Baba yako