Jibu kwa dada aliyepandishwa cheo: kuwashukuru wafanyakazi katika benki ya Kiislamu

Waalaikum salaam dada, na hongera kwa kukabidhiwa tawi. Umeuliza mambo matatu: kama kumshukuru mfanyakazi mbele za watu kunaharibu ikhlasi yake, yaani nia ya kufanya kazi kwa ajili ya Allah peke yake, kama inafaa kuandika "Jazakallahu khayran" (Allah akulipe kheri) kwenye barua pepe inayosomwa na Wakristo pia, na kama uanzishe "mfanyakazi bora wa mwezi". Nimefanya kazi ya benki miaka 14 hapa Mombasa. Minne ya mwanzo nilikuwa katika dirisha la Kiislamu, yaani kitengo cha huduma za Kiislamu, la benki ya kawaida, kumi iliyofuata katika benki kamili ya Kiislamu, na sita katika hiyo kumi nilikuwa msimamizi wa shughuli za tawi. Sitaitaja benki yoyote. Swali lako la kwanza ndilo lililonigusa zaidi, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo.

Meneja wangu wa kwanza katika benki ya Kiislamu alikuwa mtu mwema, swala haimpiti. Lakini ukimaliza kazi ngumu jibu lake lilikuwa lile lile: "Malipo yako kwa Allah." Mwanzoni nililipenda neno hilo. Kisha ukaja usiku wa kufunga hesabu za mwaka. Mfumo uligoma mara mbili, tukatoka saa saba usiku, na keshia mmoja alikuwa ameacha mtoto mwenye homa kwa jirani. Asubuhi meneja akaingia, akatuambia malipo yetu kwa Allah, halafu akauliza ripoti iko wapi. Yule keshia akaniambia tukiwa jikoni, kikombe cha chai mkononi: "Malipo ya kwa Allah nayajua, wala sikuja kuyaomba kwake. Yeye nilitaka ajue tu kuwa nilikuwepo."

Dada, wanaokuambia kuwa shukrani zinaharibu ikhlasi mara nyingi wanashika aya ya 9 ya Suratul Insan, wale wanaolisha maskini na kusema hawataki malipo wala shukrani. Itazame vizuri nani anasema. Ni mtoaji anayeisemesha nafsi yake. Aliyelishwa hakuambiwa anyamaze. Anayepokea ana hadithi yake, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Wewe meneja ndiye unayepokea: jasho la watu wako ndilo linalokutia nambari nzuri mbele ya makao makuu. Ikhlasi ni shughuli ya mfanyakazi na Mola wake, hukukabidhiwa uilinde. Ulichokabidhiwa ni ile shukrani, na ni deni.

Hata hivyo hofu yao haikutoka hewani. Katika Bukhari na Muslim kuna habari ya mtu aliyemsifu mwenzake mbele ya Mtume (s.a.w.), akaambiwa amemkata shingo mwenzake, na kwamba mtu akilazimika kusifu basi aseme "namdhania hivi na hivi". Mimi naielewa hivi: kumsifu mtu na kukishukuru kitendo ni vitu viwili. Ukisimama ukasema "fulani ni mcha Mungu, ni kioo cha tawi hili", umempandisha mahali ambapo wewe huwezi kupaona, na wenzake wataanza kumchunguza. Ukisema "jana ulimrudia yule mzee mara tatu mpaka akaelewa tofauti ya akaunti ya mudharaba, ya kuwekeza na kugawana faida, na ya amana, ya kuhifadhi tu, ahsante", hukumkata mtu shingo. Umesema ulichokiona.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya niandike jibu refu hivi.

Kwa wasioijua kazi yetu, murabaha haikopeshi pesa. Mteja anataka lori, anaahidi kulinunua, benki inalinunua kwanza kwa jina la benki yenyewe na kulipokea, kisha inamuuzia kwa gharama na faida iliyotajwa wazi. Mpangilio huo ndio roho ya mkataba. Kiwango namba 8 cha AAOIFI, lile shirika la viwango lililoko Bahrain, kinaushikilia hasa, na msingi wake ni maneno ya Mtume (s.a.w.) kwa Hakim bin Hizam: usiuze usichokuwa nacho. Ukigeuza karatasi mbili tu, ukauza kabla ya kununua, umebaki na mkopo wa riba uliovishwa kanzu.

Mwaka wangu wa pili katika usimamizi alikuja mteja wa zamani, mfanyabiashara wa saruji, akitaka lori. Robo ya mwaka ilikuwa inaisha na tawi limebakisha mkataba mmoja kufikia lengo. Faili likapita mikononi mwa watu watatu, likafika kwa dada mmoja wa nyaraka, hana hata miaka miwili kazini. Akaona mkataba wa kumuuzia mteja umesainiwa Jumatatu, na ankara ya muuza magari kwa benki ni ya Jumatano. Tulikuwa tumeuza lori ambalo bado halijawa letu. Akalizuia faili. Afisa wa ufadhili akampandishia sauti, akamwambia tarehe ni jambo dogo, muuzaji apigiwe simu abadilishe. Akakataa, kwa upole, lakini alikataa. Mkataba ukafutwa, benki ikalipokea lori kwanza, likauzwa upya. Wakati huo robo ilikuwa imekwisha.

Lengo likatukimbia na bonasi ya tawi zima ikapungua, ya kwake ikiwemo. Kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi wakaitwa mbele walioleta biashara, wakapigiwa makofi, wakapewa vyeti. Yeye akaambiwa mbele ya wote ajifunze kwenda na kasi ya wenzake. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Nilijua faili lote lilivyokwenda, nami ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Sikusema neno.

Miezi saba baadaye walikuja wakaguzi wa ndani wa Sharia. Faili la lori walilichomoa katika sampuli, wakalikuta safi. Katika mafaili mengine mawili, ambayo hayakupita mezani kwake, walikuta kosa lile lile, na faida yake yote ikatolewa kwenye mapato ya benki ikapelekwa kwenye akaunti ya sadaka, kama bodi ya Sharia, wanazuoni wanaoisimamia benki, inavyoagiza. Nikataka kwenda kumwambia. Alikuwa ameshaacha kazi, yuko benki ya kawaida, na mshahara ni karibu ule ule. Nilimpigia simu, nikamwambia niliyopaswa kumwambia siku ile, nikamwomba radhi. Alinijibu vizuri. Akanikumbusha kuwa mkutano ule ulikuwa Alhamisi, na kwamba alirudi nyumbani kwa miguu ili alie kabla hajafika kwa mamake.

Ndiyo maana swali lako la "mfanyakazi bora wa mwezi" nalijibu hivi: usianzishe kabla hujajua unahesabu nini. Tuzo ikihesabu mikataba iliyoletwa tu, utakuwa unawafundisha watu kupitisha karatasi. Benki yetu inajiita ya Kiislamu kwa sababu ya yale inayoyakataa, na anayekataa kwa niaba yetu huwa ni mtu mmoja aliyekaa mezani na faili, mteja ana haraka, meneja ana haraka. Mtu huyo ndiye wa kwanza kushukuriwa. Naye huikosa shukrani hiyo, kwa sababu kazi yake huonekana kama ucheleweshaji.

Mimi baada ya simu ile nilinunua daftari la kurasa 96, nikawa nalo mezani. Kila nikiona mtu amezuia kosa, au amerudisha faili kwa sababu ya haki, naandika siku, faili na alichofanya. Kila Alhamisi, dakika kumi kabla ya kufungua mlango, nasoma kimoja au viwili na kumwambia mhusika ahsante, pamoja na sababu: "ungeipitisha hii, faida ingekwenda sadaka na mteja angelipa kwa mkataba batili". Aliyeona haya kusemwa mbele za watu nilimfuata mezani kwake. Na tathmini ya mwaka ilipofika, daftari lile ndilo lililonipa cha kuandika kwenye fomu. Hapo ndipo shukrani inapoingia mfukoni. Omba makao makuu waruhusu mkataba uliosahihishwa uhesabiwe kwa tawi hata ukivuka robo. Kwetu ilichukua karibu mwaka mzima wa barua, lakini ilipatikana.

Kuhusu wenzetu Wakristo. Tawi letu lilibaki wazi wakati wa swala ya Ijumaa, kaunta mbili, na waliobaki ni wao. Ramadhani vile vile: saa za alasiri, sisi midomo imekauka na macho mazito, wao ndio waliobeba foleni. Ikawa desturi, na jambo likishakuwa desturi hakuna anayeliona. Mmoja wao, kijana wa Taita, alipohamishwa tulimfanyia karamu ndogo ya kuagana. Alituaga vizuri, kisha akasema kwamba kwa miaka mitatu kila Ijumaa tulipita mbele ya kaunta yake tukinukia udi, na hakumbuki mtu aliyesimama. Hakusema kwa hasira. Tulitazamana tu. Isitoshe, mkono wa Idi mwaka wa kwanza tulipewa Waislamu peke yetu. Tuliuliza bodi ya Sharia kama kuna kizuizi cha kuwapa wote, tukajibiwa hakuna, na tangu hapo bahasha zikawa sawa.

Kwa hivyo, Jazakallahu khayran au ahsante? Dua ile ina uzito wake. Tirmidhi ameipokea kwa Usama bin Zayd kwamba atakayemwambia hivyo aliyemtendea wema amefikia kilele cha kusifu. Mwambie anayeijua maana yake. Kwenye barua ya wote andika Kiswahili, kwa sababu shukrani isiyoeleweka haijafika. Nami ningekuomba jambo moja dogo kuhusu kundi la WhatsApp la tawi: usiruhusu dua ile igeuke "JZK". Mtu amekesha kwa ajili yenu, mpeni neno zima.

Liko pia jambo ambalo hukuuliza, la zawadi za wateja. Mteja akihudumiwa vizuri Pwani hii atakuja na kopo la halua, na mwingine atakuja na bahasha. Unaijua habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hiki chenu na hiki nimezawadiwa, akaulizwa angekaa nyumbani kwa babake angezawadiwa? Halua kwetu ilikwenda jikoni ikaliwa na tawi zima, bahasha ilirudishwa siku ile ile, na mteja akaombwa aandike mistari miwili ya shukrani badala yake. Nimeona kwa macho yangu kwamba wepesi wa kupokea bahasha ni wale ambao ndani ya ofisi hakuna aliyewahi kuwaambia kitu. Sisemi ni udhuru, nasema ndivyo nilivyoona.

Na malipo ya saa za ziada yalipwe kwanza. Ile hadithi ya Ibn Majah ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka haisemi mpe cheti.

La mwisho ni askari wa mlangoni na mama wa usafi. Kwa kuwa wameajiriwa na kampuni nyingine, hawamo kwenye kundi la WhatsApp, hawamo kwenye mikutano, na mara nyingi hata jina lao la pili hatulijui. Askari wetu ndiye aliyemshika mkono bibi mmoja aliyekuja kutoa akiba yake yote huku yuko kwenye simu na matapeli, akamketisha, akaniita. Nilimwandikia barua yenye kichwa cha benki, nakala kwa kampuni yake, nikaeleza siku na alichofanya. Barua ya nusu ukurasa. Miaka miwili baadaye alinionyesha, ameitia kwenye karatasi ya nailoni, ameipeleka kwenye usaili wa kazi bandarini.

Mkutano wako wa kwanza umesema ni Jumamosi. Kabla ya hapo pita kila meza, keti, uliza mtu huyo alizuia nini mwaka huu ambacho hakuna aliyekijua. Na niambie, nyinyi Ijumaa mnafunga au mnabaki wazi? Kama mnabaki wazi, ni nani anayebaki kaunta?