Maswali ya gitaa: punguza besi kwanza, ampu mpya baadaye

Barua ni nyingi, na nyingi kati yake zinarudia swali la siku zote: ampu (kikuza sauti cha gitaa) gani nzuri? Leo nimewachagua walioeleza wanapiga nini, na wapi. Waliobaki nitawapitia juu juu. Kila barua inatangulia, jibu langu linafuata.

Nikiwa nyumbani Kisauni gitaa langu lina sauti tamu ajabu. Nikifika ukumbini na bendi, hata mimi mwenyewe sijisikii. Ampu yangu ni ya wati 30. Ninunue ya 60?

Usinunue kitu. Kutoka wati 30 hadi 60 ni desibeli 3 tu. Utazisikia, lakini hazitamshtua mtu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, wati zapaswa kuzidi karibu mara kumi, na ampu ya wati 300 utaipakia kwenye matatu gani?

Halafu naapa bila kuiona hiyo ampu: nobu ya besi (sauti nzito) umeweka 8, trebo (sauti kali) 8, midi (sauti za kati) 2. Nimekosea? Hiyo ndiyo sauti tamu ya chumbani, kwa sababu uko peke yako na besi inajaza chumba. Ukumbini kuna mwenye gitaa la besi, kuna mpiga kinanda ambaye mkono wake wa kushoto haujui kupumzika, na kuna ngoma. Uzi mnene wa gitaa lako hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi ni 41, na oktavu yake, yaani mara mbili yake, inakukuta pale pale kwenye 82. Huko chini wewe ni mgeni. Kwenu ni kwenye midi, na midi ndiyo uliyoizima.

Anza na besi 3, midi 7, trebo 5, kisha shusha geini (nobu inayoifanya sauti ipasuke) mpaka noti zisikike moja moja. Ukiwa peke yako itakukera, itakuwa kama redio ndogo ya kinyozi. Vumilia, ngoja wenzako waanze. Na urekebishe mkiwa mnapiga wote, si wakati mpiga ngoma ametoka kununua viazi karai.

Tena iinue. Juzi kwenye harusi Majengo nilimwona kijana kaiweka ampu sakafuni, nyuma ya miguu yake, na kila wimbo anaongeza trebo, maana magoti hayana masikio. Waliokaa safu ya mbele walikuwa wamekunja nyuso. Sauti kali hutoka kwenye spika kwa mstari kama mwanga wa tochi, na ilikuwa ikiwapiga wao. Nikamvutia kreti tupu la soda, tukaipandisha juu yake na kuilaza nyuma kidogo. Alipiga noti mbili, akashtuka kama aliyemwagiwa maji, akaishusha trebo mwenyewe.

Video inasema nobu zote ziwe saa kumi na mbili. Zangu hazifiki huko.

Saa kumi na mbili ya Mzungu ni saa sita yetu, ya adhuhuri. Mshale juu, katikati. Umetafsiri namba ukasahau saa.

Ampu gani nzuri?

Fundi cherehani ukimwambia "nishonee" atakuuliza kanzu au shati. Nami nauliza.

Mimi ni dada wa Bombolulu, napiga bango na rumba hotelini. Naambiwa ampu isiyo na valvu si ampu. Ni kweli?

Si kweli, dada yangu. Anayekuambia hivyo huenda anapiga roki. Valvu, zile taa za kioo za kukuzia sauti, sifa yake kubwa ni pale inapolemewa: sauti inapasuka taratibu, kwa utamu. Wewe unataka noti safi, zinazodondoka kama shanga, na usafi huo ampu ya transista, isiyo na taa hizo, inautoa bila jasho. Ampu ya JC-120 ya Roland ilitoka 1975, haina valvu hata moja, ina ampu mbili za wati 60 na spika mbili za inchi 12, na mpaka leo watu wanaitafuta kwa usafi wake. Fender Twin Reverb ni ya valvu, wati 85, na ni safi pia. Zote mbili zinakaribia kilo 30, kwa hivyo mgongo wako nao uulizwe. Kwa hoteli, transista ya wati 40 yenye spika moja ya inchi 12 itakufaa sana.

Ukiamua valvu, usiiwashe kamwe bila spika kuchomekwa. Transfoma ya upande wa spika itaungua, na kipuri hicho si cha bei ya mchezo. Wala usiifungue nyuma ati kwa kuwa umeizima. Kapasita hubaki na mamia ya volti ndani.

Shangazi ameniletea ampu kutoka Marekani. Nibadilishe plagi tu?

Badilisha, kama unataka moshi. Kule ni volti 120, hapa 240. Angalia kwanza nyuma kama ina swichi ya volti, na ukiigeuza badilisha na fyuzi kama maandishi ya hapo yanavyosema. Kama haina, nunua transfoma ya kushusha umeme, na usiipime kwa wati za sauti. Soma kibandiko kinasema ampu inakula wati ngapi ukutani, ni nyingi zaidi, kisha uongeze akiba.

Ampu yangu ilikuwa ikinguruma. Fundi akakata waya wa athi kwenye plagi, mngurumo ukaisha. Kazi nzuri?

Huyo usimrudie. Ule waya wa kijani wenye mstari wa njano urudishwe leo, kabla hujachomeka tena. Ampu ikivuja umeme na athi haipo, njia inayobaki ni nyuzi, vidole vyako, na mdomo wako kwenye maikrofoni. Miaka ya nyuma, katika hoteli moja ya ufukweni, nilipigwa shoti ya midomo katikati ya wimbo kwa kosa hilo hilo. Wateja walidhani ni mtindo wa kucheza, wakapiga makofi.

Mngurumo una dawa zake. Ampu, pedali na mixa vyote vipate umeme kwenye soketi moja. Geuza mwili wako na gitaa. Mngurumo ukipungua, tatizo ni pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi. Mngurumo ukija kwa kebo ya mixa, tumia kisanduku cha DI (kinachokaa kati ya ala na mixa) chenye swichi ya kukata athi ya sauti. Ya sauti, nimesema, si ya umeme.

Nobu ya volyumu inakwaruza. Ninaishi karibu na bahari, Nyali.

Chumvi hiyo. Chomoa umeme, pulizia dawa ya kusafishia kontakti kwenye nobu, izungushe mwanzo hadi mwisho mara thelathini, usubiri ikauke. Tundu za jeki nazo vilevile. Si mafuta ya nazi. Nasema hivyo kwa sababu aliyeandika kabla yako aliyatumia, na sasa anauliza dawa ya sisimizi.