Shangazi, napumzikia chooni

Shangazi shikamoo. Nina miaka 36, naishi Mbagala na mume wangu na watoto watatu, mkubwa wa kiume ana miaka 14. Nauza kwenye duka la vitambaa Kariakoo, duka la mtu. Naamka saa kumi alfajiri, narudi saa mbili usiku. Nina vikoba viwili vya kuweka na kukopa, kwaya, na magrupu ya michango hata siyajui idadi. Usiku silali, nahesabu madeni. Juzi nilijifungia chooni nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, dakika kumi tu nisiitwe. Wakagonga. Nikalia. Mume wangu si mtu mbaya, ila anasema ndiyo kazi ya mama. Nipunguze nini, na yote ni ya lazima?
Mama Watatu, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama kwenye ile ndoo. Nyumba nzima unaihudumia wewe, halafu pa kukaa huna mpaka ujifungie chooni. Hapana, mwanangu. Hiyo siyo kazi ya mama.

Ningeweza kukuambia uchemshe maharage ya wiki nzima Jumamosi, uyagawe kwenye vikopo na kuyagandisha, au upige pasi sare zote Jumapili jioni. Kama hufanyi, anza, utaokoa alfajiri yako. Ila sidhani kama maharage ndiyo yanayokunyima usingizi. Umesema mwenyewe, unahesabu madeni.

Tuanze na vikoba. Kimoja kinakusaidia: unanunua hisa, unakopa, unarejesha, mkivunja unapata gawio lako. Cha pili uliingia kwa nini? Jijibu kwa ukweli, hata mimi usiniambie. Wanawake wengi wanaoniandikia waliingia cha pili ili wapate rejesho la cha kwanza, na hapo ndipo usingizi ulipopotea. Usikimbie katikati ya mzunguko, wadhamini wako ndio watakaofuatwa. Usikope tena humo, maliza unachodaiwa, wakivunja chukua gawio lako, uage kwa heshima. Na nakusihi, ukikwama rejesho la wiki, nenda kaongee na mwenyekiti. Usiende kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Hao watakuja kubeba hadi friji.

Sasa michango, na hapa nina uchungu nayo kwa sababu nimepita humo. Mwaka mmoja niliandika ahadi ya harusi ya binti ambaye hata sura yake sikuikumbuka, mtoto wa mtu niliyewahi kufanya naye kazi. Niliandika kwa sababu jina la juu yangu liliandika 50,000 na mimi nikaona aibu kuandika chini ya hapo. Miezi miwili mweka hazina akanikumbusha kila Jumatatu. Nililipa, nikaenda ukumbini, nikala, na wiki ile mwanangu akarudishwa nyumbani kwa ada. Alikaa mlangoni na begi lake mgongoni, hajui alie au acheze. Picha hiyo ipo kichwani mwangu mpaka leo.

Tangu siku ile siandiki ahadi. Harusi ya ndugu wa karibu au jirani wa ukuta kwa ukuta, nachanga kwa nguvu zangu. Wengine natuma nilichonacho siku hiyo, hata kama ni 10,000, na neno la hongera, nimemaliza. Wapo walionuna. Wengi hawakugundua. Kitenge cha sare cha kila send-off nacho acha, vaa gauni lako zuri uende. Magrupu ambayo harusi zake zimeshapita, toka leo hii, na yaliyobaki yanyamazishe ukishafika nyumbani.

Msiba lakini usiupunguze. Kwenye msiba watu wanakuhitaji wewe, ukae nao mkekani, umenye vitunguu, na siku yako ikifika watakuja kukaa na wewe. Kwaya pia iache ilivyo kama ndiko unakopumulia. Sitaki ukate kila kitu ubaki na kazi na foleni ya gari tu.

Kijana wa miaka 14 anaosha vyombo, anajaza maji kwenye madumu, anapika ugali. Mwanangu wa kiume alianza akiwa na kumi, na mkewe leo ananishukuru. Wiki ya kwanza sufuria zitabaki na ukoko. Usizirudie kuziosha, muite azirudie yeye.

Pitia pia zahanati wakupime presha. Presha mara nyingi haioneshi dalili, na kama usiku moyo unakwenda mbio au kilio hakikatiki, mwambie daktari hayo pia, usione haya.

Mumeo umesema si mbaya, nami nakuamini. Ila sidhani kama anajua habari ya ndoo. Mwambie Jumapili mkishakula, TV ikiwa imezimwa na watoto wako nje. Usianze na lawama. Mwambie, "Baba watoto, juzi nilijifungia chooni nikalia." Kisha nyamaza, umwache aulize kwa nini.